Paka Arubaini wa Bi Kazija

Kwenye harusi za kwetu, chetezo kikianza kuzungushwa na wanawake wakifungua mabuibui ili moshi wa udi uwaingie nguoni, mimi huondoka. Siondoki kwa vishindo. Husema nnakwenda kuangalia viatu vyangu visije vikachukuliwa. Wenzangu hudhani nna pumu, nami nimewaacha wadhani hivyo. Udi wenyewe hauna neno, harufu yake nzuri nnaijua. Lakini puani mwangu hauji peke yake. Nyuma yake hufuata harufu ya kanga inayoungua na vifungo vya shati vinavyoyeyuka, na hapo huwa nshakuwa tena na miaka kumi, ukumbini kwa shangazi Zuwena, Mkunazini.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hivyo mtanistahamilia nikipinda njia. Na kwa nini niliishia la nne, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Zuwena ni dada yake baba. Baba alipofariki mimi nlikuwa mdogo, na shangazi akatuacha mimi na mama tukae chumba cha chini cha nyumba yake, kile kilichopakana na mlango wa njiani. Yeye akikaa juu. Mama yangu, Bi Kazija, ni mtu wa Kiwengwa, na shangazi hakumsahaulisha hata siku moja kwamba ni mtu wa shamba. Tukipika samaki, huitwa kutoka juu kwamba harufu inapanda. Tukicheka, kelele zinapanda. Kila kitu chetu kikipanda, isipokuwa sisi.

Mama alikuwa akishona watoto wa bandia. Ilianza kwangu. Alinishonea paka kwa vipande vya kanga alivyopewa na fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, akamtia vifungo vya shati kuwa macho na uzi mweusi kuwa sharubu. Nimekaa naye barazani, akapita papasi mmoja, hawa vijana wanaotembeza wageni, na mama wa kizungu nyuma yake. Yule mama akachutama mbele yangu, akamshika paka, akawa hataki kuondoka. Basi wa kwanza kuuzwa alikuwa wangu mimi. Nililia. Mama akaniambia, "Nyamaza, ntakushonea mwengine." Alishona mamia baada ya hapo, na wote waliondoka na wageni.

Paka wa mama walikuwa na kitu. Hakuwa akijua kushona mdomo ulionyooka; kila paka alikuwa kama ametukanwa sasa hivi na anafikiria la kujibu. Wazungu walikipenda hicho hicho. Walikuwa wakimchukua mmoja, wakimtazama usoni, wakicheka, na wakishacheka wanakuwa wameshanunua. Paka wa kweli wa mtaani nao walikuja kuwanusa, wakaondoka wamedharau.

Ndani tuliwajaza sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Mjomba alikuwa akituletea kwa gunia kutoka Kiwengwa, na kazi yangu mimi ilikuwa kuichambua, kutoa zile mbegu nyeusi. Sufi ni nyepesi, ukipumua tu imeshakwenda. Inakuingia puani, inakukaa kwenye kope, inaelea chumba kizima. Kwa hivyo mama alikuwa na amri moja tu: jiko haliwashwi ndani wakati sufi iko nje ya gunia. Alikuwa akisema, "Sufi na moto ni wake wenza. Kila mmoja na nyumba yake." Hiyo nlikuwa naijua kama ninavyoijua Alhamdu.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kufunga migongo. Mama akimaliza kumjaza paka, mgongo hubaki wazi kiasi cha vidole vitatu, na mimi ndiye wa kuushona. Kumbukeni hapo.

Sasa Feisal. Feisal alikuwa na duka la vitu vya wageni mtaa wa pili, mtu wa marashi na maneno mengi. Siku moja alikuja akasimama mlangoni akamwambia mama kwamba hoteli moja kubwa ya Kiwengwa inataka paka arubaini, kwa ajili ya watoto wa wageni, na wakiwapenda watataka kila mwezi.

"Lakini Bi Kazija," akasema, akimgeuza paka mkononi, "hawa mbona wamenuna kama mawifi?"

Mama akatazama juu kwenye dari, akacheka kwa kujiziba. Nlimuona amefurahi siku hiyo kuliko siku zote. Akaniambia, "Unaona, Raya? Paka wangu watafika kwetu kabla yangu." Na ndiyo mara ya kwanza nlimsikia akisema habari ya kuhama: kwamba hoteli ikichukua kila mwezi, tutatafuta chumba chetu, hata kiwe Mtoni, hata kiwe cha bati, na tutakaanga samaki mpaka tuchoke.

Tukashona. Ilikuwa masika, mvua haiachi, hakuna jua la kuanikia. Paka walikaa ndani na sisi, na jiko la mafuta ya taa tulilowasha sufi ikisharudi guniani, na nguo mbichi. Wakashika harufu zote za chumba.

Feisal akarudi siku moja kabla ya gari ya hoteli kuja. Alimchukua paka wa juu, akamnusa, akamrudisha kwa vidole viwili.

"Wananuka mafuta ya taa, Bi Kazija. Na uvundo. Mimi siwezi kupeleka vitu hivi."

"Kesho pakipata jua kidogo…"

"Kesho asubuhi gari iko hapa. Jua utalitoa wapi?"

Shangazi Zuwena alikuwa kwenye ngazi, anasikiliza. Hapo akashuka vidato viwili. "Mnahangaika na nini? Si mfukize tu. Nguo za mabibi arusi wa mtaa huu zote nani kazifukiza?"

Na ni kweli. Alikuwa na udi wake wa kupika mwenyewe, na tenga la fito la kufunikia chetezo, na watu walimletea nguo kutoka mitaa ya Malindi mpaka Vuga.

Feisal akapiga makofi. "Hapo sawa! Wageni wanaipenda harufu ya kwetu."

"Wifi, ahsante," mama akasema, "lakini hawa si nguo. Ndani mna sufi. Cheche moja tu."

"Miaka yote nafukiza mimi, cheche imemuunguza nani?"

"Sikatai, wifi. Lakini kwa hawa hapana."

Shangazi akapanda juu. Kukataliwa mbele ya mtu, na wa shamba, ndani ya nyumba yake. Feisal naye aliyasikia yote hayo kwa masikio yake. Akasema, "Basi mtajua nyinyi, mimi nnawataka wakiwa safi," akaondoka.

Mama akawatandaza paka ukumbini wapate upepo, akatoka kwenda Darajani kutafuta uzi wa sharubu, maana watatu walikuwa hawana. Hakukawia sana. Ni kwenda na kurudi tu.

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshamalizika.

"We Raya!"

"Naam, shangazi."

Alikuwa keshashuka na chetezo mkononi, makaa yamewiva mekundu, na lile tenga kwapani. Akakiweka chetezo katikati ya ukumbi, akatia udi, akakifunika kwa tenga, akaanza kuwapanga paka wangu juu yake.

"Mama kakataza," nikasema.

"Mama yako na mimi, nani mwenye nyumba?"

Nikampisha. Nyinyi mngesema nini?

Akawafunika kwa kanga ili moshi usipotee. "Kaa hapa, uwageuze. Wageuze kama mandazi, kila upande upate. Mimi nnakwenda kusali." Akapanda.

Mnataka niseme nlikuwa naogopa, lakini sivyo. Nlikuwa nimefurahi. Moshi ule wa kitajiri ulikuwa ukitoka kwenye paka wetu maskini, nami nikiwageuza mmoja mmoja kwa adabu kama ninayemhudumia bibi arusi. Nikafika kwa mmoja wa kanga ya kijani. Nilipomgeuza, bonge la sufi likamtoka mgongoni, likapita baina ya fito, likaangukia makaa.

Sufi haiwaki kama kuni. Ilipotea tu, na mahali ilipopotea pakasimama mwali urefu wa mkono wangu. Kanga ikashika. Nikatia mkono wa kulia kuwatoa paka. Nliwatoa wawili, nao tayari walikuwa wakiungua kwa ndani, sikujua, nikawakumbatia. Haya siyaelezi zaidi. Mkono mpaka kwenye kiwiko, na hapa chini ya shavu.

Fundi cherehani ndiye aliyeingia na ndoo. Alinivua, akanifunga shati lake, akazima. Boriti mbili za dari ziliungua, ukuta ukawa mweusi. Nyumba haikuungua. Paka ndio waliokwisha wote.

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni shangazi aliposhuka na kanga yake ya kusalia kichwani. Akatazama, na neno lake la kwanza, mbele ya mtaa mzima, lilikuwa hili:

"Mtoto huyu! Mara ngapi nimemwambia asichezee chetezo changu?"

Alilisema haraka hivyo, hata hakupumua kwanza. Mpaka leo hilo ndilo linalonistaajabisha. Na Feisal alikuja jioni kutazama mali yake, akaulizwa na watu, akasema yeye hajui habari yoyote ya udi. Miezi mitatu baadaye wanawake wengine walikuwa wakimshonea paka wale wale wenye kununa, wamejazwa sponji. Nawataja wote wawili kwa majina, Zuwena na Feisal, na kama wapo watoto wao wanaosoma haya, wakawaulize.

Mama alinikuta hospitali, nimeshafungwa mkono. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, bado ana kile kifurushi cha uzi. Nikamwambia, "Mama, mimi sikuchezea. Shangazi ndiye aliye…"

Akaniziba mdomo. Si kwa kunibembeleza. Alinibana, midomo ikagota kwenye meno.

"Usilitoe tena neno hilo," akasema polepole. "Usimwambie mtu. Hata Mungu usimwambie, yeye anajua."

Na mimi nikalimeza. Jirani akija kutupa pole, shangazi hueleza jinsi ninavyopenda kuchezea moto, na mama hukaa pale pale, anachambua sufi, hasemi. Skuli nlirudi, lakini mkono ulikuwa haushiki kalamu, na mwalimu akitaka niandike kwa wa kushoto nikawa kichekesho. Wakanipa jina, Raya Moto. Nikaacha. Kwenye shughuli za ukoo wasichana wenzangu wakiingia jikoni, mimi huambiwa, "Wee kaa huko, usije ukatuchoma." Wao wanacheka. Ni utani, si unajua. Hata nilipoolewa, mtu mmoja alimwambia mume wangu aweke mchanga karibu na kitanda.

Na chumba chenyewe? Mvua za vuli hazijaanza, shangazi alimwambia mama kwamba mwanawe anaoa, anakitaka chumba. Tukahamia Mtoni, kwenye bati. Kwa hivyo kunyamaza kwake mama kulitununulia miezi ile ya kipupwe tu, basi.

Miaka yote hiyo nliamini kitu kimoja: kwamba mama hakunisadiki. Kwamba aliponiziba mdomo alikuwa anamzibia mwongo. Na kuna jambo liliniongezea, nalo sijapata kumwambia mtu, ila hapa nimesema nitawataja wenye makosa, basi na mimi nijitaje. Yule paka wa kijani, mgongo wake nliuacha wazi. Nlikuwa nataka kwenda kucheza, nikamchomeka chini ya wenzake. Kwa hivyo nlidhani mama ameona hilo, na hiyo ndiyo hukumu yangu. Ilinichukua mpaka utu uzima kuona kwamba mshono wazi hauwashi makaa.

Nilimuuliza wakati nna watoto wangu mwenyewe. Tulikuwa Mtoni, mlangoni kwake, anashona bado, na mimi nlikuwa nimetoka kwenye arusi kule mjini ambako shangazi, kikongwe sasa, nlimbusu mkono na yeye akawaambia vijukuu, "Huyu ndiye alotuchomea nyumba." Wakacheka. Neno hilo nikaja nalo mpaka kwa mama.

"Mama, siku ile uliniamini?"

Hakuniuliza siku ipi. Alivuta uzi mpaka mwisho kwanza.

"Nisingekuamini, ningekuziba mdomo kwa nini? Mwongo huachwa aseme."

Nliona yote kwa mara moja: kwamba alijua kabla hajafika hospitali, kwamba alikuwa na binti aliyeungua na hana pa kumlaza, na kwamba alipima jina langu na chumba kile, akachagua chumba. Kuaminiwa kumbe hakutoshi. Mtu anaweza kukuamini kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo akakunyamazisha. Mtoto wa miaka kumi angelijuaje hilo?

"Sijakusamehe," nikamwambia.

"Nnajua," akasema. Akaninyooshea kichwa cha paka. "Nishikie hapa, macho yangu hayaoni mshono."

Nikamshikia.