Mkanda wa Pili Ulipotangulia Kibuta

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha sinema, pale Kibaha, nilipewa kitambaa cha pamba na kuambiwa nifute vumbi kwenye makopo. Yalikuwa makopo ya bati ya mviringo, na ndani ya kila kopo mlikuwa na mkanda wa filamu uliozungushwa kwenye gurudumu. Filamu fupi ilitosha kwenye mkanda mmoja. Ndefu ilihitaji miwili au mitatu, na mmoja ukiisha tuliwasha taa, tukafunga mwingine kwenye mashine, huku watazamaji wakibishana juu ya waliyoyaona. Ninyi mnaotazama sinema kwenye simu mkisubiri zamu yenu benki mtaniona nasimulia habari za kale, lakini naomba mnivumilie kidogo.

Nilitoka masjala, nilikokuwa nikipanga majalada. Nilihamishwa kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa nimemwambia Mkuu wa Kitengo kwamba filamu tunazopeleka vijijini ni za mbolea na za ngumi, na kwamba mwanamke akionekana humo anabeba chai, anaiweka mezani, anatoka. Kabatini kulikuwa na filamu nyingine kutoka nchi mbalimbali, zenye habari za wajane, wafagiaji, mayaya, wanawake wanaoishi pembezoni mwa miji. Hakuna aliyewahi kuzitoa.

"Binti, unataka nini hasa?" aliniuliza.

"Nipe maonyesho matatu, Mkuu. Nichague filamu mwenyewe, kwa ajili ya akina mama."

Alinitazama juu ya miwani. "Matatu. La tatu nitakuja kuliona. Wanawake wasipojaa na kukaa hadi mwisho, wewe unarudi masjala na filamu zako zinarudi kabatini. Tumeelewana?"

Tulielewana. Nilipotoka ofisini kwake nilikuwa na furaha kama niliyeolewa upya.

Kuchagua filamu ni kazi ya hatua tatu. Kwanza unaikagua, yaani unaitazama peke yako hadi mwisho. Pili unatunga mpangilio: ipi itangulie, ipi ifuate. Tatu unamwandaa mtafsiri, kwa kuwa filamu zetu nyingi zilisema lugha za watu. Mtafsiri wetu, Shomari, alisimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, akiwasemea wahusika wote, wake kwa waume, na kuongeza chumvi pale alipoona inafaa.

Onyesho la kwanza nililiweka kituo cha Kwa Mathias, hapohapo Kibaha, saa kumi jioni. Mwalimu mzuri sana, onyesho lile! Saa kumi ndipo mabasi yanapopishana barabara ya Morogoro, na kila mwanamke niliyemkusudia alikuwa dirishani mwa basi akiuza mahindi ya kuchoma. Viti vilijaa vijana wa kiume. Mmoja akanisogelea kwa adabu zote: "Shikamoo, mama. Samahani, ngumi zinaanza saa ngapi?"

La pili lilikuwa Kwala, enzi hizo kabla ya viwanda na bandari kavu, mashamba matupu. Wanawake walikuja. Nikawapangia filamu tatu mfululizo: ya mjane, ya mfungwa, na ya mama aliyepotelewa na mtoto. Nilidhani uzito ndio heshima. Baada ya ile ya pili, bibi mmoja alikunja mkeka wake, akanishika bega: "Mwanangu, ungetuambia mapema kama tunakuja matangani. Tungekuja na sufuria." Akaondoka, na nusu ya watu wakamfuata wakicheka.

Basi, likabaki onyesho moja, la Kibuta, huko Kisarawe. Safari hii sikwenda na mpangilio mfukoni. Wiki moja kabla nilimwendea Bi Mwanahamisi, mkulima wa mihogo na kungwi, yaani mwanamke anayewafunda wasichana wanapovunja ungo. Nilimuuliza niwaite lini.

"Saa nane mchana," alisema bila kufikiri. "Tumeshatoka shamba, na moto wa jioni haujawashwa. Njoo ghala la korosho."

"Mchana kuna mwanga, bibi. Picha haitaonekana."

"Giza tutaleta sisi."

Siku ilipofika walilileta kweli. Kila mwanamke alikuja na khanga ya ziada, wakazitundika kwenye madirisha na matundu ya ghala mpaka ndani kukawa kama usiku wenye maua. Mikeka ilienea hadi mlangoni. Mkuu wa Kitengo alikaa nyuma, kwenye kiti pekee, na daftari.

Nilikuwa nimechagua filamu moja tu, ya mikanda miwili. Inamhusu mwanamke mfagiaji wa stesheni ya reli katika nchi ya mbali. Kwenye mkanda wa kwanza ni kijana, anashuka kwenye treni, anaajiriwa, anapendwa, anaolewa kwa ngoma palepale stesheni. Kwenye mkanda wa pili ni kikongwe, anaishi kwenye behewa bovu, anaokota makaa kando ya reli, na wapita njia hawamsalimu.

Mashine ikawashwa. Kwenye kitambaa akatokea kikongwe, ameinama, anaokota makaa.

Ulikuwa mkanda wa pili. Siku zile tuliandika namba kwenye vifuniko, siyo kwenye makopo yenyewe. Asubuhi nilikuwa nimeyafuta yote mawili kwa pamoja, na vifuniko nikavibadilisha bila kujua. Shomari alinitupia jicho la kuomba msaada, kisha akaanza kutafsiri alichokiona, maskini, bila chumvi yoyote.

Mkuu, niliyekuwa nimemsimulia hadithi njiani, akasimama. "Zima! Huo ni mkanda wa pili. Anzeni upya!"

Nikanyoosha mkono kwenye swichi. Bi Mwanahamisi, aliyekuwa mbele kabisa, akageuka bila kuinuka.

"Wewe baba, kaa chini. Ulipofika hapa leo ulinikuta mzee, sivyo?"

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Ukataka nirudishwe nyuma kwanza ndipo unisalimie?"

Ghala zima likacheka, hata mashine sikuisikia. Mkuu akakaa. Mkono wangu nikaurudisha mfukoni.

Walimtazama yule kikongwe kwa makini kuliko nilivyowahi kuona mtu akitazamwa. Wapita njia walipompita bila salamu, wanawake walimsalimu wao: "Shikamoo, bibi!" Na Shomari, aliyekwishajipa moyo, akawajibu kwa sauti nyembamba ya kizee: "Marahaba, wanangu. Huko kwenu mvua imenyesha?" Wakamjibu imenyesha. Mmoja akauliza nani aliyemtupa. Mwingine akasema, "Tumbo lililomzaa huyu lilikuwa na jina. Na yeye alipendwa."

Nikafunga mkanda uliobaki. Akashuka msichana kwenye treni, mwepesi, anacheka. Wanawake wakanyoosha shingo. Kisha sauti ya kike kutoka kwenye mkeka wa nyuma: "Angalieni anavyofunga kitambaa kichwani! Fundo liko kushoto. Ni yeye!"

"Ni yeye!"

"Bibi yetu huyo!"

Hadi leo sijui mtengenezaji wa filamu ile angesema nini. Aliipanga iishie kwenye behewa. Kibuta iliishia kwenye harusi. Bibi harusi alipoingia uwanjani, vigelegele vilipanda kwenye bati la ghala, na Bi Mwanahamisi akasimama akamchezea ngoma yake ya mbali kwa mapigo ya kwao. Hakuna aliyeondoka. Khanga zilipotunguliwa madirishani, wengi walikuwa na machozi na meno nje kwa pamoja.

Ndani ya gari, tulipoikaribia lami, Mkuu alifunga daftari lake.

"Masjala watatafuta mtu mwingine," alisema. "Lakini kesho, binti, namba kwenye makopo. Kwa rangi."

Niliandika kwa rangi nyekundu, na nikachagua filamu mpaka nilipostaafu. Mikanda ikawa kaseti, kaseti zikawa DVD, sasa kila kitu kiko kwenye kidude kidogo kuliko kiberiti. Tangu Kibuta nilimaliza kila mpangilio kwa kujiuliza kama mtu wa pembezoni atasalimiwa. Nawaachia swali hilo wanaoanza kazi hii leo. Ujuzi mwingine mtaupata njiani, kwa kukosea, na msiogope.

Maonyesho ya akina mama bado yapo. Mwezi uliopita nilikwenda Kwala kutazama, nikakaa mkekani kati ya wafanyakazi wa viwandani na wakulima. Filamu ilipoanza nikamwinamia jirani yangu, msichana mwenye sare ya kiwandani, nikaanza kumweleza kwa nini yule mama wa kwenye picha hataki kufungua mlango.

Akanishika mkono kwa upole. "Bibi," alininong'oneza, "tulia. Ninamwona."

Nikatulia, nikatazama.