Pale Sauti Mbili Zinapogongana

Mwanangu, juzi ulipita mlangoni kwangu ukanikuta nimepakata luti yangu. Ukasimama kusikiliza, kisha ukaniambia kwa adabu kabisa, "Shikamoo mzee, samahani, pale karibu na mwisho umekosea kidogo." Nikacheka, nikakuambia wahi darasani. Sikukujibu kwa sababu jibu lake ni refu, na wewe ulikuwa na begi mgongoni na mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi. Leo nimepata nafasi, chai iko mezani, basi nakuandikia.

Sikukosea. Wimbo ule uliandikwa Ulaya kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na mahali pale pako hivyohivyo ulivyopasikia. Nami nilipopasikia mara ya kwanza nilisema maneno yako yaleyale. Kuna Jumapili moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani, na ndiyo iliyonifundisha kutopasahihisha.

Nilikuwa kijana wa Tanga, bado mgeni hapa Durban, nikifanya kazi ya kupiga msasa miguu ya meza katika kiwanda cha samani kule Mobeni. Mwenzangu upande wa kupinda mbao alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu mzima tayari, tuliyemwita Papa Anselme. Ujanani mwake aliwahi kusoma seminari, na padri mmoja akamfundisha kupiga luti. Luti ni ndugu yake udi wetu wa taarabu: tumbo limeumuka kama nusu ya papai, kichwa kimekunjwa kwenda nyuma. Seminari aliiacha njiani, luti hakuiacha. Hapa hakuwa nayo, basi akamwomba msimamizi vipande vya mbao vilivyokuwa vinakwenda kutupwa, akavipinda kimoja kimoja kwa bomba la moto, akaiunda mwenyewe. Ndiyo hii uliyoniona nayo.

Aliishi Glenwood, kwenye fleti ya ghorofani, pamoja na dada yake Mama Béatrice na binti wa dada yake, Espérance. Mimi nilikuwa nimeshika udi kidogo kwa amu yangu kule Tanga, kwa hiyo aliponialika Jumapili nikajifunze, nilikwenda mbio. Nisikufiche: nilikwenda kwa ajili ya luti, nikarudi kwa ajili ya Espérance. Usicheke. Na wewe nimekuona unavyochelewesha hatua ukipita pale kwenye duka la simu.

Espérance alikuwa akisuka nywele katika saluni ya Wakongo katikati ya mji. Alikuwa na maneno, alikuwa na kicheko kikubwa, na alikuwa na tabia ya kumaliza sentensi zangu kabla sijajua mwenyewe zinakwenda wapi. Jumapili alikaa karibu na dirisha akichambua mboga, huku anatusikiliza. Nilimpenda sana. Naandika hivi leo nikiwa na mvi, na mkono bado unaona haya.

Sasa sikiliza habari ya noti yenyewe. Kitabu cha luti cha zamani hakiandikwi kama vitabu vya muziki unavyovisoma chuoni. Kuna mistari sita, kila mmoja ni uzi, na juu yake kuna herufi zinazokuambia kidole ukiweke wapi. Hakikuambii utasikia sauti gani. Unaweka kidole palipoandikwa, unapiga, ndipo unasikia. Katika wimbo ule mdogo nilipofika karibu na mwisho, niliweka vidole nilivyoagizwa na masikio yakanikataa. Mimi nimelelewa na taarabu, mwanangu, ambako udi na fidla na kanuni vyote hufuata wimbo mmoja, na anayekwenda peke yake hutazamwa. Nikaamua mwandishi ameteleza. Nikasogeza kidole kidogo tu, ikatoka sauti laini, nikamaliza vizuri.

Papa Anselme akanitazama. "Shabani, kile kidole umekipeleka wapi?"

"Nimekisogeza, Papa. Pale palikuwa na kosa."

"Ah bon? Na kosa iko ya nani? Ya ule mwenye aliandika, ao ya masikio yako?"

Akaichukua luti. Akapiga sauti ya juu peke yake: ilikuwa inapanda, na ili ifike inakokwenda ilibidi noti yake iinuliwe kidogo. Ilikuwa tamu. Akapiga sauti ya chini peke yake: ilikuwa inashuka, na noti ileile, kwa safari yake yenyewe, haikutakiwa kuinuliwa. Nayo ilikuwa tamu. "Unaona? Hii iko muzuri, na hii iko muzuri. Hakuna yenye imekosa njia." Kisha akazipiga pamoja, zikagongana, nikakunja uso. Lakini hapohapo zikaachiana, zikatua mahali pamoja, na ule utulivu uliofuata sijawahi kuusikia katika muziki mwingine wowote.

"Ukitosha ule mugongano," akasema, na kwao kutosha ni kuondoa, "mwisho inabakia bila kazi. Itatuliza nini, na hakukuwa kitu?"

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa sijaelewa chochote. Kila nikifika pale, kidole kilikwenda chenyewe kwenye raha.

Ndipo ikaja habari ya Canada. Mama Béatrice na binti yake walikuwa wamesubiri miaka kupelekwa nchi nyingine kama wakimbizi, mpaka sisi wengine tukasahau kwamba wanasubiri. Siku moja wakaitwa, wakaambiwa wamekubaliwa. Papa Anselme hakuwemo, kwa kuwa aliingia nchi hii kwa njia yake na wakati wake. Fleti nzima ikajaa watu, nyimbo, soda, na kina mama wakilia kwa furaha. Nami nikapeana mikono na kila mtu. Espérance akanivutia ukumbini.

"Na wewe, Shabani? Wewe unasema nini?"

Nikamwambia, "Ni jambo jema. Mungu amewafungulia. Hongera sana."

Akaningoja. Nikaona kabisa kwamba ananingoja, nami nikatabasamu. Niliona ndiyo heshima yenyewe. Mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi kusafiri wala kuishi peke yake. Mimi nilikuwa Mwislamu wa Tanga mwenye kitanda cha kupanga, ningesema nini? Niliona mtu mwema ni yule asiyemharibia mwenzake furaha. Espérance akasema, "Bon. Merci," akanishukuru hivyo tu, akarudi kwa wageni.

Jumapili iliyofuata, ndiyo hiyo ninayokuambia, wanawake walikuwa wamekwenda kanisani na bado hawajarudi. Nikaupiga wimbo ule tangu mwanzo, na nilipofika pale nikasogeza kidole kama kawaida yangu. Papa Anselme hakupandisha sauti. Aliuweka mkono wake juu ya nyuzi, akazinyamazisha.

"Shabani, minakuambia kama mutoto wangu. Hata kwa Espérance umefanya vile. Umetosha kidole."

Nikajitetea. Nikasema mama yake anamhitaji, safari ni ya heri, mimi sina haki ya kuizuia.

"Nani anakuambia kuzuia? Yeye ana njia yake, iko muzuri. Wewe una yako, iko muzuri pia. Mais umenyamaza, sasa yeye anaimba peke yake na anafikiri hakuna mwingine. Ile si heshima. Ile ni woga yenye imevaa suti."

Maneno yale yaliniuma mpaka leo ukinigusa pale nasikia. Niliondoka bila kumaliza chai. Nilikasirika mpaka kwenye robot ya kwanza, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, na iliposhika nyekundu nikagundua kwamba sina la kukasirikia. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi sikwenda Mobeni. Nilikwenda saluni.

Espérance alikuwa amemsimamia mama mmoja wa Kizulu, kichwa nusu kimesukwa. Nikasimama mbele ya wateja wote, na chanuo na vioo na redio, nikasema kwa Kiswahili, "Espérance, sitaki uende. Najua utakwenda, na najua ni haki uende. Lakini sitaki. Nakupenda, na ukienda nitaumia, na nimekudanganya niliposema hongera."

Mikono yake ikasimama katikati ya msuko. Redio ikaendelea na matangazo yake. Yule mama wa Kizulu, ambaye hakuelewa hata neno moja, akatutazama kwenye kioo akasema, "Eish."

Espérance akalia, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono maana vidole vilikuwa na mafuta. "Nitaenda, Shabani. Mama hawezi bila mimi."

"Najua."

"Lakini juma zima nilikuwa najiuliza kama hata siku moja nilikuwa kitu kwako. Sasa nitaenda nikijua." Akanisogelea, akaweka paji la uso wake begani kwangu mbele ya saluni nzima, akakaa hivyo. Halafu akarudi kumalizia nywele za mteja, kwa kuwa mteja hakuwa na kosa.

Walikwenda. Ningependa kukuambia alirudi, au nilimfuata, lakini sitakudanganya. Aliolewa kule, ana wajukuu sasa. Mimi sikuoa, na ukiniuliza kama namkumbuka nitakujibu kila siku, hasa Jumapili mchana watu wa ghorofa ya juu wanapopika sombe, kisamvu cha Kikongo, na harufu ikashuka. Ni kumbukumbu inayouma. Lakini inauma kwa usafi, haina neno lililokwama ndani yake.

Papa Anselme alizeekea hapa Durban, akaniachia luti. Tulipomzika, Espérance akanipigia simu ya picha. Nywele zake zimekuwa nyeupe, kicheko ni kilekile. Akaniomba nipige ule wimbo wa mjomba. Nikaiegemeza simu kwenye birika la chai, nikapiga. Nilipokaribia mwisho nikamwona anainamisha kichwa, anangoja, kama alivyoningoja siku ile ukumbini. Safari hii kidole changu hakikwenda popote. Noti zikagongana, akafumba macho, akasema, "Njo hapo," yaani ndipo hapo. Kisha zikatua, tukazisikiliza zikififia, yeye kwenye theluji yake na mimi na joto langu la hapa.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Unapompenda mtu na njia yake haiendi sambamba na yako, usijilainishe ili aone hakuna kitu. Sema neno lako mahali pake, kwa adabu, hata kama litagongana na lake, hata kama ukishalisema atafungasha mizigo aende zake. Sikuahidi kwamba utampata. Nakuahidi kwamba atakuwa amekusikia, na hilo utaishi nalo vizuri kuliko unavyodhani. Na yule wa duka la simu, sijui mambo yenu, lakini nadhani naye anangoja.

Mwenyezi Mungu akufungue ulimi wakati wake, akupe mtu wa kukusikiliza mpaka mwisho, na akutulize baada ya kila mgongano. Na ukipita tena mlangoni kwangu ukasikia pale panapokukunja uso, usiondoke upesi. Ingia ndani, ukae, ungoje zitue.