Kiriba Kilichokataa Kuoza

Nyumbani kwetu Kashozi hatukutupa kitu. Maganda ya ndizi, majivu, nyasi kuukuu za sakafuni, vyote viliingia kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, na mvua zikipita vinageuka udongo. Utotoni nililala nikiwaza kwamba chini ya migomba kuna watu wadogo, wapole, wanaotafuna polepole na hawashibi. Hadi leo, nikisimama pale asubuhi ukungu wa ziwa ukiwa bado umekaa juu ya majani, nahisi kama nawasikia.

Baba amelazwa humo humo kibanjani. Aliagiza kaburi lake lisizibwe kwa saruji, na halikuzibwa. Masika yaliyofuata mama akataka kupanda mbuni kichwani pake, maana baba alikuwa mtu wa kutafuna kahawa. Mgeni hakuketi kwake bila kuwekewa punje kiganjani. Mama alitaka wageni wake waendelee kukaribishwa naye.

Mche aliununua Bukoba mjini. Ulikuwa kwenye kiriba, kile kifuko cha kuoteshea miche, cha rangi ya majani makavu, chenye picha ya jani la kijani, na muuzaji akamwambia hii si nailoni, imetengenezwa kwa mahindi, inaoza yenyewe, wewe panda hivyo hivyo. Mama amechana viriba vyeusi kabla ya kupanda tangu ujana wake, lakini hiki kilimpendeza. Kitu kinachooza ni kitu cha kwetu. Akauteremsha mche shimoni na nguo yake, akafukia, akatandaza nyasi.

Mimi nafanya kazi Muleba na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Kila nikija niliukuta mche uko vile vile, halafu majani yakaanza kuwa ya njano. Mibuni mingine ya msimu ule, aliyoichania viriba, ilishanifika magotini. Mama akaacha kuutaja. Kisha akaacha hata kupita upande ule. Akienda kukata ndizi, alizunguka.

Jioni moja, akimenya ndizi, alisema bila kuniangalia, "Ta wako ameukataa."

"Baba amekataa nini, Ma?"

"Mti wangu. Siku ile hospitali sikuwepo. Nilikuwa nimerudi huku kubadili nguo, akaondoka peke yake. Ana haki."

Moyo uliniuma, maana ndoa yao yote ilikuwa imening'inia kwenye kile kimche, na muda wote ule mimi nilikuwa naona kimche tu.

Niliporudi kazini nikamuuliza bwana shamba mmoja wa Muleba kuhusu kile kiriba. Alisema viriba vya namna hiyo huoza kweli, ila vingi vinataka joto kali, kama la rundo kubwa la mboji linalofuka mvuke. Kivulini, chini ya nyasi, udongo umepoa, na kiriba kinaweza kukaa miaka. Kikiangukia ziwani ndiyo kabisa, kitaelea na picha yake ya jani. Nilimchukia yule muuzaji ambaye hata sura yake siijui. Njia nzima ya kurudi niliwaona watu wangu wadogo wamekizunguka kile kiriba gizani, wanakipapasa, hawajui waanzie wapi.

Asubuhi yake nilimwambia mama twende tukafukue. Hakutaka, lakini akaja, na kisu cha jikoni mkononi. Kiriba kilitoka kizima, kimelowa, jani la kwenye picha likiwa la kijani kuliko yote yaliyobaki kwenye mche. Mama akakipasua. Ndani, mizizi ilikuwa imejizungusha na kujizungusha mpaka ikashika umbo la kiriba, kila mmoja unatafuta pa kutokea.

Mama alipiga magoti. Akaanza kuichambua mizizi kwa vidole, taratibu, kama anavyosuka nywele za wajukuu, akinong'ona Kihaya ambacho hakikuwa changu kukisikia. Halafu akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Kumbe hakuukataa, mwanangu. Haukumfikia."

Akaurudisha mche shimoni bila nguo yoyote, akabonyeza udongo kwa viganja vyote viwili. Kisha akaketi pale pale kwenye nyasi, upande ule aliokuwa akiuzunguka, akanituma nikamletee kahawa ya kutafuna.