Hodi Katika Mahame ya Kaole

Nadhiri niliiweka mimi, si mwanangu. Mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika, na ya tatu iliposhika nikasema mbele ya Mungu: ikivuka mwezi wa saba nitampeleka Kaole, akafagie kwa mkono wake kaburi la yule bibi tunayemwita sharifa, na siku hiyo hiyo turudi. Najua mtoto hutolewa na Mungu, hatolewi na kaburi. Mwalimu wetu, aliyetufundisha kusoma na kuandika sisi wanawake nyuma ya pazia baada ya Magharibi, alilirudia hilo mpaka tukachoka. Lakini nadhiri ukishaitamka imekufunga.

Wakati huo Wadachi walikuwa hawajatweka bendera yao hapa Bagamoyo. Siku hizi huu ndio mji wa serikali, na kila mtu anazungumza habari za huku tu. Kaole nani anaikumbuka? Na ni karibu, ukitoka alfajiri unafika jua bado halijachoma. Wazee wetu walikaa kule kwanza. Bahari ikawakimbia, mikoko ikaziba bandari, wakahama wakaacha misikiti yao na maiti wao.

Tulikwenda mimi, mwanangu na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa amefunga. Mimi nilibeba chetezo na ubani, wifi kapu la vitumbua, mwanangu ufagio wa chelewa peke yake. Tulipita katikati ya mashamba ya minazi, polepole kwa ajili ya tumbo lake.

"Wifi, si ungeweka nadhiri ya kukaa nyumbani?" akasema wifi. "Miguu yangu ingekuombea dua."

"Ungebaki."

"Nibaki, halafu? Wewe na mwanao mnatembea kama mnasindikiza jeneza."

Tulikuta mawe. Msikiti hauna paa, makaburi yana nguzo ndefu, na kwenye nguzo yamebaki matundu palipopachikwa bakuli za Kichina. Minazi tuliyoiacha nyuma ilikuwa inavuma, lakini pale katikati ya mawe upepo haukuingia. Hata ndege sikumsikia.

Kando ya makaburi palikuwa na nyumba iliyobaki ukuta wa mbele na mlango wake tu. Sasa, kwetu mtu hapigi hodi kwenye mahame. Ukiibishia hodi nyumba iliyohamwa umejifanya mgeni wa wasioonekana, nao watakukirimu. Wifi yangu analijua hilo kama ninavyolijua mimi. Lakini alisimama mbele ya mlango ule, mkono kiunoni.

"Hodi wenyewe! Wageni tumetoka mbali. Tupikieni wali, na nazi msiibanie."

Mwanangu akacheka.

"Wifi, mche Mungu," nikasema.

"Ah, mji umekufa huu. Nani ataniitikia?"

Kweli, hakuitikiwa. Mwanangu akafagia kaburi, nikafukiza ubani, nikasoma Yasini. Nilipofika mwisho nikasikia harufu. Si ya ubani. Wali wa nazi, ule wa kukaribia kuiva, unapofunikwa na makaa juu. Nikatazama huku na huku nione moshi. Hapakuwa na moshi. Nikamtazama wifi, naye alikuwa ameshika pua kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani, macho chini. Hakusema neno, ndipo nilipoogopa.

"Tusali Adhuhuri tuondoke," nikasema.

Mwanangu nikamwacha akipumzika kwenye kivuli cha nguzo ya kaburi. Mimi na wifi tukaenda kwenye kisima cha zamani karibu na msikiti kuteka maji ya udhu. Nilikuwa nimeinama, kata mkononi, niliposikia sauti inamwita mwanangu.

"Mwanangu, njoo ule."

Ilikuwa sauti yangu. Ule mkwaruzo wa koo niliobaki nao tangu nilipougua homa kali, na namna ninavyolivuta neno mwanangu. Wifi akanitazama mdomo. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Tangu mdogo nilimfundisha: mahali usipopajua, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Wasio watu huita mara mbili, ya tatu hawawezi. Lakini nani anasubiri ya tatu akiitwa na mama yake?

"Abee, mama," akaitika.

Ikaita tena, kutoka nyuma ya ule mlango. Naye akainuka, mkono mmoja umeshika tumbo, akaelekea kule.

Nilikimbia kama sijawahi kuzaa. Nikamwahi kizingitini, nikamsukuma nyuma kwa mgongo wangu. Ndani ya mlango hapakuwa na sakafu. Palikuwa na shimo la birika la zamani la kuwekea maji, majani yameota mpaka juu, na chini yake giza. Nikashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Abee," nikasema. "Niliyeitwa ni mimi. Huyu mwacheni, yuko kwenye nadhiri."

Harufu ikakatika, kama mtu aliyefunika chungu.

Tukasali palepale makaburini, kwa sababu wakati ulikuwa umeingia na sikutaka kukimbia kama mwizi. Kisha tukaondoka. Tulipoanza kuona mapaa ya mji, wifi akanisogelea.

"Wali wenyewe ulikuwa unaungua," akasema kwa sauti ndogo.

Mjukuu wangu sasa anatambaa. Ni msichana, mzima, mwenye kelele za shangazi wa mama yake. Mwanangu hakusikia kitu tena tangu siku ile.

Mimi husikia. Huwa alasiri, niko kinuni au napeta mchele, naitwa kutoka uani kwa sauti yangu mwenyewe. Mara moja, siku nyingine mara mbili. Nasema Bismillahi, naendelea na kazi. Nilijitaja mwenyewe pale mlangoni, na nikirudishwa leo nitajitaja tena.

Ila nimekuwa mzito wa kuitika, na jirani wanasema ninaziba masikio. Mwanangu peke yake hajalalamika. Akinitaka husimama mahali ninapomwona, akasema: "Mama. Mama. Mama." Ndipo namwitikia.