Friji Lililovalishwa Sweta

Enzi zetu kule Githongo, maji baridi yalitoka mtoni, na maziwa yalikaa kibuyuni mpaka yaamue yenyewe kuganda. Nyama ililiwa siku ile ile ilipochinjwa, na aliyelala mapema aliambiwa pole. Siku hizi mjukuu wangu anafungua friji, anasimama mbele yake mlango wazi akipiga mluzi, halafu ananigeukia na kuniambia, eti, hakuna kitu. Friji limejaa hadi mlango unakataa kufungika! Mimi hucheka peke yangu, naye hudhani uzee umenishika. Hajui kwamba namkumbuka Cucu, mama yake baba yangu, na jinsi alivyosubiri kipande kimoja tu cha barafu.

Nianze na Cucu basi. Kutoka uani kwetu, asubuhi mapema kabla ukungu haujapanda, ungeuona mlima wote, Kirimaara kama tunavyouita, na kichwa chake cheupe cha theluji. Baba alipokuwa kijana mdogo wa kuchunga mbuzi, alimwahidi mamake kwamba akikua atapanda kule juu amletee ule weupe, aushike kwa mikono yake. Ni maneno ya mtoto, na mama mwingine angeyasahau kabla ya chakula cha jioni. Si Cucu. Baba alikua, akawa mwalimu wa shule ya msingi, akawa mzee wa kanisa mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, na bado kila penye watu, iwe harusi, iwe harambee, Cucu alimshika mkono na kumtambulisha hivi: “Huyu ndiye mwanangu aliyeniahidi mlima.”

Watu walikufa kwa kicheko. Baba naye alicheka, lakini kwa meno tu. Sisi watoto tuliokaa karibu naye tulijua kwamba jambo hilo lilimuuma, kwa sababu njiani tukirudi nyumbani hakuna aliyethubutu kuomba hata peremende.

Kisha stima ikaletwa kwa ajili ya kiwanda cha kahawa, na nyumba zilizokuwa karibu na nguzo zikapata bahati. Yetu ilikuwa mojawapo. Baba aliuza fahali, akavaa koti lake la Pasaka, akateremka Meru mjini. Jioni tukasikia kelele barabarani. Pikapu ilikuwa ikipanda polepole, watoto wa kijiji kizima wanaikimbiza, na nyuma yake alisimama Baba, amelikumbatia friji jeupe refu kumliko, tai inapepea begani. Muuzaji alikuwa amemwambia friji husafiri likiwa limesimama wima, kwa hivyo naye alisimama nalo wima, safari nzima. Ilikuwa bado mita chache wafike langoni, pikapu ikateleza kwenye tope, friji likamlalia, na Baba akapotea chini yake. Tulimtoa akiwa mzima, kachafuka tope mpaka masikioni, na swali lake la kwanza lilikuwa kama friji limeumia.

Halikuwa limeumia, lakini kwa kuwa lililala, ilibidi lisimame lipumzike mpaka kesho yake kabla ya kutiwa stima. Muuzaji alikuwa ameagiza hivyo pia. Na aliagiza mengine mengi, ambayo Baba, mwalimu hadi mifupani, alitupanga mstari sebuleni akatukaririsha kama vile tunavyokariri jedwali la kuzidisha. Friji hukaa sakafu iliyo sawa, na hapo akaweka bakuli la maji juu yake ili tuone kama maji yameinama. Friji hupumulia mgongoni, kwa hivyo iachwe nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Friji halishiriki soketi na pasi. Plagi haishikwi kwa mkono wenye maji. Chungu cha moto hakiingii. Na mtoto haingii, hata kichwa, hata mkiwa mnacheza kujificha, kwa sababu mlango ule ukijifunga haufunguki kwa ndani. Hilo la mwisho alilisema bila kutabasamu, akatutazama mmoja mmoja, na mpaka leo nikiona friji kuukuu limetupwa uani kwa mtu, siondoki kabla mlango haujang'olewa.

Siku iliyofuata, Alhamisi, Cucu aliletwa kutoka kwake, ng'ambo ya bonde, na bunda lake la nguo na mkongojo wake. Alisema mapema kwamba Jumapili baada ya ibada anarudi kwa mbuzi wake, hataki kubembelezwa. Baba akamwambia kabla ya Jumapili ataushika ule weupe wa mlima, tena bila kutoka nje ya nyumba. Cucu alilitazama friji, akamtazama Baba, akaomba chai.

Plagi ikaingia. Friji likanguruma, sisi tukaruka nyuma. Majirani walijaa mlangoni, wengine na watoto mgongoni, na mzee mmoja aliuliza kama linakula majani au pumba. Ndani mlikuwa na taa! Ndugu yangu Mwenda aliapa kwamba taa ile huwaka hata mlango ukiwa umefungwa. Mimi nikaapa kwamba huzima. Tulifungua kwa ghafla, tukafungua polepole, tukachungulia kwa jicho moja, tukagombana, tukafungua tena. Majirani nao wakagawanyika pande mbili, kila mmoja akataka kujihakikishia. Usiku ule mlango haukupata kutulia hata dakika tano, mpaka Ijumaa asubuhi Baba akaufunga kwa kamba ya katani, akasema anayetaka kujua habari za taa asome sayansi.

Sasa niwaambie kuhusu Mama. Ninyi mliolelewa miaka ile mnajua nyumba zetu zilivyokuwa. Hakuna kitu kilichokaa uchi. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, meza ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata chupa ya chai ilikuwa na koti lake. Mama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, na friji jeupe limesimama sebuleni mbele ya wageni bila uzi mwilini! Aibu ilioje. Kina mama waligawana kazi, kila mmoja akafuma kipande chake usiku na mchana, na Ijumaa adhuhuri wakavileta wakaviunganisha. Ilitoka sweta kamili, ya manjano na kijani, kutoka utosini mwa friji mpaka miguuni, imefunguka mbele tu kama kabuti. Halafu waliona ile nafasi nyuma, wakasema hapo panya watapitisha familia zao. Wakalisukuma friji mpaka likagusa ukuta, na kwa usalama zaidi wakashindilia blanketi kuukuu pembeni.

Baba alirudi kutoka shuleni akawakuta kina mama wamekaa wanakunywa chai, wanamngojea aseme kitu. Alilitazama friji. Kisha akasema kazi ni nzuri sana, Mungu awabariki. Baba alikuwa mtu jasiri, alishawahi kumfukuza nyoka darasani kwa rula, lakini ujasiri una mipaka yake.

Na barafu haikuja. Ile trei ya maji ilikaa kwenye friza tangu Alhamisi, na Jumamosi asubuhi ilikuwa bado maji. Friji lilinguruma bila kupumzika, Baba akiweka sikio kwenye sweta kama daktari, akitikisa kichwa. Majirani walisema labda stima huwa imechoka ikifika kwetu baada ya kupita kiwandani. Cucu alichovya kidole kwenye trei, akakilamba, akasema maji kama hayo hata mto wetu humpa, na mto hauli fahali. Baba hakula chakula cha mchana. Nilimwonea huruma mpaka nikamwachia Mwenda kipande changu cha nduma, jambo ambalo halikuwahi kutokea na halikutokea tena. Kesho yake Cucu angekwenda kanisani mbele ya watu wote, na kila mmoja wetu alijua atakavyomtambulisha mwanawe.

Ulikuwa mwezi wa saba, mnaujua mwezi wa saba wetu, ukungu unaingia mpaka ndani ya soksi. Jioni ile tukagundua Cucu hayuko jikoni kwenye moto. Tulimtafuta kwa mbuzi, tukamtafuta chooni, tukaanza kuogopa. Mwenda ndiye aliyemwona, sebuleni, amekaa kwenye kigoda pembeni mwa friji, mgongo ameuegemeza kwenye ile sweta, miguu ameinyoosha, amelala usingizi mtamu huku mdomo uko wazi. Baba alimwita. Cucu akafungua jicho moja.

“Mwanangu,” akasema, “umeninunulia jiko. Mlima nimekusamehe.”

Baba alipenyeza mkono nyuma ya sweta, akautoa haraka. Kulikuwa na moto kama pasi. Na sisi watoto, sijui ni nani aliyeanza, tukajikuta tumesimama mstari tukikariri kwa sauti ya darasani kwamba friji hupumulia mgongoni, kwa hivyo iachwe nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Tulipomaliza tukaona Mama yuko mlangoni na sinia la vikombe. Baba aliangalia viatu vyake. Sweta ile ilikuwa jasho la kina mama kumi na kitu, na ilikuwa fahari ya Mama, na sote tulijua kwamba mtu wa kuivua ni mmoja tu.

Mama aliweka sinia chini. Alimtazama Cucu, akamtazama Baba aliyekonda kwa mawazo, akalitazama friji. “Hata mtoto mchanga,” akasema, “akiwa na homa huvuliwa sweta.” Akaanza kulivua, taratibu, kitufe kwa kitufe, ndiyo, sweta iliwekewa vitufe. Baba alichomoa plagi, wakalisogeza pamoja, likapimwa kiganja, bakuli la maji likarudi juu yake kuangalia kama limesimama sawa. Lilipopoa likawashwa tena, mlango ukafungwa kwa katani, na Baba akaweka kiti chake mbele yake akatangaza kwamba atakayefungua kabla ya asubuhi atalala na mbuzi.

Asubuhi ilikuwa barafu. Barafu ngumu! Imeng'ang'ania trei, haitoki. Mwenda akakimbilia kisu, Baba akampokonya, akamwambia kisu hutoboa friji na friji lililotobolewa ni kabati. Akaimwagia trei maji ya vuguvugu chini, ikalia kwa ndani, vipande vikaachia. Baba alichukua kimoja, akakibeba kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya mamake akiwa na tai yake. Nadhani alikuwa ametayarisha hotuba. Badala ya kuitoa, alikiinua tu kile kipande.

Cucu alitandaza viganja. Akakipokea, akaruka. “Inachoma!” Akakirusha mkono huu, mkono ule, kama nduma iliyotoka chunguni, huku akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na sisi tukapiga mayowe, na Mama akaketi chini kwa kicheko. Mwenda, kwa furaha, akalamba ukuta wa friza, ulimi ukanasa, ikabidi Mama amnasue kwa chai vuguvugu. Ibada ile nzima hakuweza kutamka herufi ya R. Cucu alipotulia, akaiweka ile barafu kwenye shavu lake. Machozi yalikuwa yakimtoka. Akasema sasa ameshika.

Akakataa kuimaliza. Alichukua kipande kingine, kikubwa, akakifunga kwenye pindo la leso akampelekee rafiki yake wa rika moja, ambaye pia alikuwa ameutazama mlima maisha yake yote. Baba alimweleza kwamba itayeyuka. Cucu akamwambia aache uchoyo. Tukatembea mpaka kanisani, Cucu mbele, ameshika pindo lake kama aliyebeba yai. Ilipofika katikati ya mahubiri, maji yakaanza kuteremka kwenye benchi. Rafiki yake akasogea, akamwangalia kwa wasiwasi. Cucu akafungua fundo, na leso ilikuwa tupu. Akasimama, kanisa zima linamwona, akawatazama kina mama wa benchi lake mmoja mmoja.

“Ilikuwa hapa,” akasema. “Nani ameichukua?”

Mchungaji alishindwa kuendelea. Hata Baba alicheka, na safari hii hakucheka kwa meno tu. Rafiki yake aliletwa nyumbani kwetu siku hiyo hiyo akashika yake, na tangu hapo mpaka alipotuacha, Cucu alimtambulisha mwanawe kwa maneno mapya: huyu ndiye aliyeniletea mlima.

Leo kila nyumba ina friji na hakuna anayelipigia magoti. Vijana wetu wanaliweka ubavuni mwa jiko, wanalichomeka pamoja na televisheni, heta na simu nne kwenye waya mmoja, wanaingiza sufuria ya pilau ikifuka moshi, halafu wanamlaumu fundi. Ukiwaambia habari ya kiganja wanakuonyesha simu ya kiganjani. Sweta ya Mama ilikatwa vitambaa vya viti, na kimoja ninacho, nimekalia sasa hivi nikiwasimulia.

Krismasi iliyopita tulienda wote Githongo. Asubuhi mapema nikamtoa mjukuu wangu uani nimwonyeshe mlima kabla ukungu haujapanda. Alikuja na glasi ya juisi iliyojaa barafu, akiitafuna kama njugu. Nikamwambia tazama pale juu, ule weupe. Akatazama. Akaniuliza upi. Nikainua mkono nimwonyeshe, nikaona mwamba mweusi, mtupu, na alama ndogo ya weupe kwenye ufa, ndogo kiasi kwamba sikuwa na hakika kama ni macho yangu. Nilisimama hapo mkono uko juu. Nilitaka kumweleza mambo mengi, lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya Cucu.

“Ilikuwa hapa,” nikasema. “Nani ameichukua?”

Mtoto akaacha kutafuna.