"Tena" Niliyoiweka Katika Tangazo la Kukana

Siku ya kwanza kazini, Secrétaire-chef, karani mkuu wa ofisi, alinikalisha mbele ya mashine ya kuandikia, akafunika vitufe kwa kitambaa, akaniambia nipige. Nilipiga ukurasa mzima bila kuona herufi.

"Vidole iko bien, muzuri," akasema. "Sasa tutaona kama mudomo iko bien vilevile."

Alimaanisha siri ya ofisi. Dactylo, yaani mpiga mashine, husoma barua kabla ya mwenye kupelekewa.

Ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua, nje kidogo ya Kisangani, uhuru ukiwa bado mbichi na mji ukiitwa bado Stanleyville. Niliajiriwa kwa sababu nilitoka familia ya Waislamu wa mjini, na Kiswahili tulikinyonya pamoja na maziwa. Kazi yangu ilikuwa kugeuza matangazo ya Kifaransa. Nyinyi vijana mna mashine zinazofuta kosa. Sisi tulipanga karatasi tatu na kaboni katikati, na ukikosea herufi moja unachana zote.

Hapo nikajifunza démenti, tangazo la kukana. Lilikuwa na mtindo wake: kwanza ofisi inashangaa, kisha mlalamikaji anaitwa mtu asiye na akili timamu, halafu jambo lote linakanwa. Nilipiga matatu ya namna hiyo. Nilijua vizuri kwamba walinzi walikuwa wakiwapiga wagonjwa waliotoka bila ruhusa kwenda kuona jamaa zao. Nilikuwa na mke na mkate wa kutafuta, nikanyamaza. Niliogopa, na sioni haya kulisema leo, ila naona haya kwamba niliogopa mara tatu.

La nne lilimhusu Mama Bolumbu, muuza samaki wa Barumbu aliyelazwa kwetu. Mlinzi alimvunja mkono kwa fimbo. Ndugu zake walipofika getini kumdai, Directeur, mkuu wa hospitali, mtu wa mbali asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, aliniita, akasema kwa Kifaransa:

"Monsieur Saidi, andika kwamba hakuna mgonjwa anayepigwa hapa. Huyu mwanamke alianguka. Akiendelea na uongo wake, nitampeleka polisi."

Nilimpita Mama Bolumbu barazani nikienda kwenye mashine. Alikuwa ameukumbatia ule mkono, hakuniangalia. Nikakaa, nikapiga: "Hakuna mugonjwa anapigwa tena."

Secrétaire-chef, aliyezoea zaidi Lingala, alilisoma haraka haraka pale getini. Kisha kaka yake Mama Bolumbu akapaza sauti:

"Tena? Alors, basi mbele ya leo mulikuwa munawapiga! Munakubali wenyewe!"

Watu walicheka, halafu kicheko kikageuka hasira. Hawakuondoka mpaka geti likafunguliwa na dada yao akatolewa. Habari ya polisi haikutajwa.

"Saidi, ile iko erreur ya vidole, ama iko kichwa yako?" Secrétaire-chef akaniuliza.

"Iko kichwa yangu, Chef."

Wiki ile ile nilihamishiwa Bengamisa, mbali na mji, kwenye zahanati, kuandika majina ya wenye homa.

Baadaye waasi waliopigana na serikali walipouchukua mji, nilirudishwa, maana walihitaji mtu wa Kiswahili. Directeur mpya alivaa magwanda, na walinzi walikuwa wale wale, na fimbo zao.

"Papa Saidi, andika hakuna mutu anapigwa," akaniamuru. "Na ile *tena* yako, uiache."

Yeye Kiswahili alikijua, kwa hiyo ujanja ulikuwa umekwisha. Nikaondoa mikono juu ya mashine.

"Andika mwenyewe, Chef. Mimi sitaandika."

Nilifungiwa siku nne. Nilitoka na jino moja pungufu, na nikaendelea kukataa.

Sasa nimestaafu. Vijana waandika matangazo huniuliza siri ya tangazo zuri. Sina siri ya kuwapa. Lakini kuna ukurasa mmoja ambao ofisi yetu haikuutoa kamwe, na leo hakuna wa kunituma wala wa kunizuia, basi naupiga mwenyewe: Mama Bolumbu alipigwa, hakuanguka. Walinzi walipiga, wakubwa walijua, na mimi nilijua.