Probox Inayogoma Nyumbani

Pale Masumbwe, akina mama wanaopeleka nyanya na dagaa kwa wachimbaji wa Rwamgasa walikuwa na kazi moja ya ziada kila alfajiri: kuisukuma Probox ya Stanslaus. Walikaza khanga viunoni, wakainamisha mabega na kusukuma huku wakimsema mwenye gari kana kwamba hayupo. Gari likikohoa na kushika, walipanda. Lisiposhika, nyanya zilichelewa, na nyanya haijui kusubiri.

Siku hiyo halikushika kabisa. Mama Nelly, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, alijifuta jasho.

"Baba Fredy, msiba wako tunaujua," alisema, "lakini na sisi tuna watoto. Ukituangusha tena kesho tunahamia kwa Bujiku. La kuvunda halina ubani."

"Sawa," alisema Stanslaus.

Mtu mwingine angesihi. Gari hilo ndilo lililokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Abiria hao wakiondoka, hana kingine. Lakini tangu kifusi kilipomfunika mwanawe Fredy ndani ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, Stanslaus alikuwa mtu wa "sawa" tu. Siku ya mazishi hakulia. Tanga lilipoanuliwa hakulia. Majirani walisema ana moyo mgumu, nao walikosea. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na mguu uliokufa ganzi haujui hata ukichomwa mwiba.

Si kwamba hakulihangaikia gari. Vichwa vya betri alivimwagia maji ya moto, akavisugua kwa msasa, akavipaka grisi. Kibanio cha waya kilipolegea alikipachika msumari, kama wafanyavyo wenye magari wote wa huko, wakajiona mafundi. Mwisho akabadilisha betri yenyewe. Gari likaendelea kufa.

Asubuhi hiyo alibustiwa na mwenye lori, yaani akaunganishiwa waya kutoka betri ya lori mpaka gari likawaka, akalipeleka kwa Ndaki, fundi umeme aliyetokea Kishapu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Ndaki alifungua boneti, akauchomoa ule msumari na kuuinua juu. "Mzee, hapa unajenga banda la kuku?"

Stanslaus hakucheka. Ndaki akafunga kibanio kipya, akapima altaneta, ikawa inachaji vizuri. Akachomoa fyuzi mojamoja. Hapakuwa na kitu kinachokula umeme. Chini ya kiti cha nyuma akakuta invata, lile sanduku dogo la kugeuza umeme wa betri uwe wa kuchomeka chaja.

"Na hii?"

"Niliifunga zamani, ya kuchajia taa. Nyumbani hatuna umeme. Siku hizi haitumiki."

Ndaki alikuna kichwa. "Ukilala na gari Rwamgasa, asubuhi linawaka?"

"Linawaka."

"Na likilala nyumbani?"

Stanslaus alifikiri. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo. "Haliwaki."

"Basi, mzee, ugonjwa hauko kwenye gari, uko nyumbani kwako. Leo likishapaki, usiingie ndani. Kaa ulitazame."

"Sawa."

Jioni Stanslaus alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, akiwa na hakika kwamba atamkamata mwizi wa umeme. Aliyetoka ni mkewe, Vumilia. Mkononi alishika taa ya kichwani ya Fredy.

Fredy alikuwa na taa mbili. Moja ilishuka naye shimoni, nyingine ilibaki ikichajiwa ili kesho abadilishe. Vumilia aliifuta kioo kwa pindo la khanga, akafungua mlango wa nyuma, akaichomeka kwenye chaja na kuwasha invata. Akafunga mlango taratibu, akarudi ndani.

Stanslaus akabaki pale pale. Taa ile haikuwa na ulaji wa kuua betri. Mlaji ni invata, ikiachwa inaunguruma mpaka asubuhi. Zamani haikuachwa. Kuwasha ilikuwa kazi ya mama. Kuzima ilikuwa kazi ya Fredy: kabla ya kulala alitoka, akabonyeza swichi, akalipiga gari makofi mawili juu ya paa, ndipo akaingia. Vumilia alikuwa bado anafanya sehemu yake.

Angeweza kumkemea. Mkate wao ulikuwa unaliwa na taa isiyo na mwenyewe. Badala yake alikula ugali, akanawa, na wakati wa kulala ulipofika akatoka nje. Akazima invata. Mkono wake, bila kuulizwa, ukalipiga paa makofi mawili.

"Umezima?" Vumilia akaita kutoka ndani, kama alivyokuwa akiuliza siku zote.

"Nimezima, mama," akajibu Stanslaus, kama Fredy alivyokuwa akimjibu. Kisha akaegemea gari akalia, kwa sauti, mpaka mkewe akatoka na kusimama karibu naye.

Alfajiri akina mama walikuwa wamekwisha kaza khanga. Stanslaus akazungusha ufunguo mara moja tu, gari likawaka.

"Heee!" alisema Mama Nelly. "Fundi kakuta nini?"

Stanslaus alimgeukia, macho yamevimba.

"Kuna kitu Fredy alikuwa anakizima," alisema. "Sasa nitakuwa nakizima mimi."

Mama Nelly alilegeza khanga yake, akapakia nyanya, akapanda.